Muulize Kapteni: King'ora kikilia nafumba macho

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni binti wa miaka 22, kwetu Chumbageni, nasoma urubani Dar es Salaam. Nimefikisha saa 14 angani kwenye ndege ndogo ya Cessna 172, na wenzangu wawili tulioanza siku moja wamesharuka peke yao. Mimi usiku wa kuamkia zoezi silali, asubuhi chai haishuki. Shida kubwa ni zoezi la stoli, yaani pua kuinuliwa mpaka hewa iache kulibeba bawa. Mara ya mwisho mkufunzi alipunguza moto wa injini, pua ikainuka, king'ora kikalia, nami nikang'ang'ania usukani kwa mikono miwili na kufumba macho. Ndege aliirudisha yeye. Sasa nipo nyumbani likizo ya wiki mbili. Mama anaogopa injini kuzimika na anataka nitafute kazi ya benki. Bibi ameniandalia kombe la dua ninywe. Je, hofu hii huisha, au ndiyo nimeshaonyeshwa kwamba si riziki yangu?
Binti Mwoga, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kombe la bibi kunywa, halina ugomvi na injini. Ila vidonge vya kutuliza moyo usimeze kwa ushauri wa jirani; hivyo ni mpaka daktari wa marubani aseme, na vyaweza kukuzuia kuruka. Na siku ya zoezi kula, hata uji tu. Tumbo tupu na hewa yenye mitikisiko haviivi chungu kimoja.

Jasho, usingizi kupaa, moyo kwenda mbio, hayo sikuulizi. Nimeruka miaka mingi kati ya Tanga, Pemba na Unguja, na siku za masika viganja vyangu vililowa vilevile. Kilichonishtua kwenye barua yako ni hayo macho kufumbwa.

Unachokiita king'ora ni filimbi. Kwenye 172 nyingi kuna kitundu ukingoni mwa bawa la kushoto, upande wa mbele. Pua ikiinuka mno, hewa hufyonzwa kupitia kitundu kile na kukiliza kijidude cha ndani mithili ya zumari. Hakina umeme wala uchawi. Na hulia mapema, noti (kipimo cha mwendo wa ndege) 5 hadi 10 kabla ya stoli yenyewe. Kwa hiyo pale ulipofumba macho ndege ilikuwa bado inaruka vizuri tu, inakuambia.

Wanafunzi wengi hudhani stoli ni injini kuzimika. Injini haihusiki hata kidogo. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Sahare. Akiwa na haraka ya kuwahi mnada wa samaki huilazimisha ngalawa kwenda joshi, anaikaza karibu mno na upepo, mara tanga linaanza kupigapiga kama nguo kwenye kamba na chombo kinazubaa. Sikumbuki apige kelele hata siku moja. Analegeza usukani kidogo, tanga linajaa, tunakwenda. Bawa nalo ni tanga lililolazwa. Likiinuliwa kupita nyuzi 15 au 16 hivi dhidi ya upepo unaolijia, hewa inaacha kulishika. Dawa ni ileile ya mzee: legeza, shusha pua kidogo upepo ulishike tena, kisha ongeza moto. 172 ikirudishwa upesi hupoteza futi 200 na ushei, nanyi zoezi hilo mnalianza futi 3,000 au zaidi. Nafasi unayo tele.

Basi nakupa kazi ya likizo. Nenda Sahare alfajiri, umande, ule upepo wa kutoka bara, ukiwa bado unavuma, umwombe mvuvi mmoja akupakie. Akulazimishie joshi mpaka tanga lipigepige, halafu akuachie usukani ulirudishe wewe, macho wazi. Ukilowa, umelowa.

Sasa hiyo mikono miwili. Hapo hata mimi niliumbuka. Mkufunzi wangu wa kwanza alikuwa mtu wa kufoka, na kila akifoka nilikaza zaidi, ndege ikawa inayumba kama daladala la njia mbovu. Nikampata wa pili, mzee mpole. Akachukua penseli, akaipitisha juu ya kidole changu cha kati, chini ya cha shahada na cha pete, akasema sasa shika usukani. Kila nikikaza penseli inanibana mifupa. Siku hiyo niligundua kwamba 172 ukishaipanga trimu yake, kile kirekebisho kinachoiweka pua mahali pake bila wewe kukaza usukani, inakwenda yenyewe, na kwamba mtikisiko mwingi niliokuwa nauogopa ulitoka kwenye mabega yangu. Jaribu nyumbani na mfuniko wa sufuria. Watakucheka, waache.

Ukirudi chuoni, mwambie mkufunzi kabla hamjapanda, siyo mkiwa angani: "Naogopa stoli, nilifumba macho." Mwombe akuonyeshe kwanza, mikono yako ikiwa mapajani, ukitamka kwa sauti unachokiona: kasi inashuka, pua juu, filimbi. Mdomo unaosema kasi ni lazima macho yake yawe yanatazama kipimo. Halafu mfanye ile ya kurudisha ndege filimbi inapolia tu, bila kufika stoli kamili. Mrudie mpaka uchoke. Akikufokea kwa hilo, omba mkufunzi mwingine, wala usione haya.

Hao wenzako waliokutangulia waache waende. Viwango vya kimataifa vinataka saa zisizopungua 40 kwa leseni ya rubani binafsi, au 35 ukiwa kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Hakuna palipoandikwa kwamba saa ya 14 uwe umeshapaa peke yako. Ila siku ikifika usishtuke: mkufunzi akishashuka ndege inakuwa nyepesi na inapanda haraka kuliko ulivyozoea. Mimi nilidhani nimekosea kitu.

Mama naye ana haki ya kuogopa, kwa hiyo mpe hesabu. Mwambie 172 injini ikizimika haidondoki kama nazi. Ikishikiliwa kwenye noti 65 hivi, kutoka futi 3,000 inateleza kama kilomita 8 hali ikiwa shwari. Ni kama izimike juu ya mji hapa, nawe uwe na nafasi ya kufika karibu na mapango ya Amboni, huku ukichagua shamba la kutua. Kama bado anataka benki, mlete kwangu tunywe kahawa.

Kuhusu riziki sina elimu hiyo. Ninachojua ni leso. Asubuhi ya zoezi, unapoizunguka ndege kuikagua, simama mbele ya bawa la kushoto, tandika leso safi juu ya kile kitundu, weka mdomo, vuta hewa. Filimbi ile ile itakulilia wewe, kwa pumzi yako, ukiwa umesimama chini. Vuta mara tatu nne hata kama mkufunzi anatazama saa. Ila kagua kwanza kama hakijaziba. Wadudu wanakipenda sana kile kitundu.