Maswali na majibu: Soda ya zero na mtoto mwenye kisukari

Mwanangu ana miaka 6, ana kisukari aina ya kwanza. Akinywa soda ya zero nimchome insulini? – Mama, Urambo

Hapana mama, kama lebo inaonyesha wanga (carbohydrate) gramu 0. Utamu wake ni wa vitamu visivyo sukari, yaani aspatemu, sukralosi na wenzake, na huo haupandishi sukari ya damu. Insulini yake ya kila siku iendelee kama kawaida. Ila "sukari kidogo" si zero. Kinywaji chenye wanga gramu 4 kwa mililita 100, chupa ya mililita 500 ina gramu 20, na hizo zinaingia kwenye hesabu ya dozi.

Sukari ilimshuka shuleni, mwalimu akampa zero, hakupata nafuu. Kwa nini? – Baba, Ipuli

Kwa sababu haina kitu cha kumpandisha. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote, tafadhali lizungumzeni na kila anayemlea. Mashine ya kupimia sukari ikisoma chini ya 4.0 (mmol/L), au anatetemeka na kutoka jasho na mashine haipo, apewe sukari halisi papo hapo: gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 20 anahitaji gramu 6, yaani soda ya kawaida mililita 60 hivi, ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa. Mpime tena baada ya dakika 15; akiwa bado chini ya 4.0, rudia. Akishapanda na mlo ungali mbali, mpe kipande cha kiazi kitamu. Karanga hazifai kuanzia, mafuta yake yanachelewesha.

Akiwa hajitambui au hawezi kumeza, asitiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Mwachie mwalimu chupa ndogo ya soda ya kawaida, uiandike kwa kalamu nene: SUKARI IKISHUKA.

Nasikia hizi zero zinaleta saratani. – Mzazi, Nzega

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitaja aspatemu kuwa huenda inahusika, ushahidi ukiwa mdogo, na kiwango salama kikabaki miligramu 40 kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 20 ni miligramu 800. Kopo moja huwa na 200 hadi 300. Zero moja moja ya sikukuu haina shida. Kinywaji cha kila siku kiwe maji, kwani tindikali ya soda, hata ya zero, inakula meno.

Asali yetu ya Tabora ni ya asili. Naweza kumtilia kwenye chai? – Bibi, Sikonge

Shikamoo bibi. Ni ya asili, na ni sukari vilevile: kijiko cha chai kina wanga gramu 6 hivi, lazima zihesabiwe. Lakini kwa sukari iliyoshuka ni dawa nzuri kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Mfungie kwenye kichupa chenye kifuniko cha kuzungusha, kikae kwenye begi la shule. Ikiganda haijaharibika; ikorogwe na maji kidogo, anywe.