Uliza Ujibiwe: Mita iliyorudishwa nyuma, logibuku iliyo benki na gari lililochukuliwa usiku

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu magari. Nimechagua nne na kuzifupisha. Majina ya wauzaji na ya kampuni nimeyaondoa, kwa sababu nimeusikia upande mmoja tu wa kila kisa.

Swali: Mwezi wa tatu nilinunua gari la familia, la mwaka 2018, katika yadi moja hapa Nairobi kwa shilingi 1,150,000. Mita ilionyesha kilomita 68,000, na tangazo walilonitumia kwa WhatsApp lilisema hivyo hivyo. Wiki jana fundi wangu wa Barabara ya Kirinyaga alikuta kibandiko cha kubadilisha oili kwenye ukingo wa mlango wa dereva, chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu 143,200. Niliporudi yadi nilionyeshwa maneno yaliyopigwa chapa chini ya risiti yangu: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Je, sina la kufanya? – Msomaji, Umoja

Jibu: Unalo la kufanya, na maneno hayo ya chini ya risiti yasikutishe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huyaingiza masharti ya ubora katika mauzo ya mfanyabiashara hata kama hayakutajwa na yeyote, yakiwemo kwamba bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa na kwamba iwe na ubora unaokubalika sokoni. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inasema kwamba masharti hayo hayawezi kufutwa kwa kifungu cha mkataba, seuze kwa mstari wa risiti. Sheria hiyo hiyo ya 2012 inataja waziwazi, miongoni mwa maelezo ya uongo yanayokatazwa, kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa imetumika kwa kiasi ambacho kinatofautiana sana na ukweli. Kilomita 68,000 zilizoandikwa kwenye tangazo la gari lililotembea zaidi ya mara mbili ya hizo ni mfano usiohitaji mkalimani.

Muuzaji atakwambia kwamba naye alilipokea gari likiwa hivyo kutoka kwa aliyeliagiza. Huenda ni kweli. Hata hivyo kutojua kwake hakuligeuzi tangazo lake kuwa sahihi, na wewe ulifanya biashara na yeye, hukufanya na mtu wa Yokohama.

Kazi kubwa sasa ni ushahidi. Kibandiko hicho usikibandue. Fungua mlango, piga picha ambayo kibandiko na mita ya dashibodi vinaonekana pamoja, kisha mwombe fundi akuandikie barua fupi yenye tarehe, namba ya usajili na namba ya chesisi akieleza alichokiona. Hifadhi tangazo la WhatsApp pamoja na tarehe yake, na usilitegemee kubaki kwenye simu peke yake. Halafu idai yadi ikupe nakala ya cheti cha usafirishaji kilichotolewa Japani gari lilipouzwa nje, kwa kuwa vyeti hivyo kwa kawaida huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa lazima wa huko. Aliyeliagiza gari anazo karatasi hizo, maana bila hizo asingelitoa bandarini Mombasa. Yadi ikikataa kukuonyesha, ukataaji huo nao uandike.

Baada ya hapo amua unataka nini. Unaweza kuuvunja mkataba na kudai pesa zako zote, au ukabaki na gari na kudai tofauti ya thamani. Kwa maoni yangu njia ya pili ndiyo nyepesi kwako, kwa sababu umekwisha kuliendesha gari kwa muda, na kadiri unavyoendelea kulitumia ndivyo muuzaji atakavyopata nguvu ya kusema kwamba ulilikubali. Mpelekee mkadiriaji, kwa mfano AA Kenya, chama cha wenye magari, akuandikie bei ya soko ya gari kama hilo lenye kilomita 143,200. Tuseme anakadiria shilingi 880,000. Hasara yako ni 270,000. Mwandikie muuzaji barua ya madai, umpe siku 14, na ubaki na nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa.

Asipojibu, dai la kiasi hicho linaingia katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuyaamua katika siku 60 tangu yawasilishwe, na unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe bila wakili. Ukidai bei yote ya gari utakuwa umevuka kiwango hicho na itakubidi uende mahakama ya hakimu. Malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani nchini yanaweza kwenda sambamba na kesi, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2010 inapiga marufuku maelezo ya kupotosha wanunuzi.

Kwa wengine ambao bado wanazizungukia yadi za Ngong Road na Kiambu Road: mimi mita ndicho kitu cha mwisho kutazama. Huanza na mpira wa pedali ya breki, kisha upande wa kiti cha dereva unaosuguliwa mtu anapoingia na kutoka, kisha usukani. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolika mpaka chuma kinang'aa. Na ukiambiwa kwamba mpira huo umebadilishwa juzi, uliza ulikuwa na kasoro gani hata ukabadilishwa.

Swali: Jirani yangu hapa Rongai ananiuzia gari lake kwa shilingi 700,000. Anasema logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, iko benki kwa sababu ya mkopo mdogo uliobaki, na kwamba nikimlipa atamalizana nao ndani ya wiki moja. Ni mtu wa heshima na tunasali kanisa moja. Nimlipe? – Mama wa watoto wawili, Ongata Rongai

Jibu: Dada, heshima ya jirani yako sina shaka nayo. Ila anayedai gari hilo ni benki, na benki hamsali nayo.

Gari likiwa dhamana ya mkopo, dhamana hiyo huandikishwa chini ya Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, nayo haiondoki kwa sababu gari limebadilisha mikono. Ukimlipa yeye, naye pesa zikapata shughuli nyingine, benki ina haki ya kulifuata gari nyumbani kwako. Utabaki na kesi dhidi ya jirani, na gari huna.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi, fanya upekuzi wa namba ya usajili katika akaunti yako ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone gari limeandikishwa kwa jina la nani na kama jina la benki limo. Fanya pia upekuzi katika sajili ya dhamana, ambayo nayo imo kwenye eCitizen. Kisha nendeni pamoja hadi tawi la benki mpewe barua inayotaja salio la mkopo hadi siku fulani. Salio hilo, tuseme 180,000, lilipe wewe moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, kwa makubaliano ya maandishi ya pande tatu kwamba benki itaiachilia dhamana. Zile 520,000 zilizobaki zisitoke mkononi mwako hadi jirani aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya NTSA, nawe uuone kwenye yako.

Linganisha kwa macho namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bodi ya gari na ile iliyo kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Na mlete fundi wako mapema, kwa sababu ulinzi wa ubora nilioueleza kwenye barua ya kwanza unamhusu muuzaji anayefanya biashara hiyo. Mtu binafsi anayeuza gari lake la nyumbani habanwi nao kwa kiasi hicho. Giaboksi ikifa mwezi ujao, pengine itakuwa yako.

Swali: Naendesha teksi ya programu. Mwaka 2023 nilichukua gari kwa kampuni moja: nilitoa shilingi 100,000 mwanzo, kisha 8,000 kila wiki kwa wiki 156, na mkataba unasema nikimaliza gari ni langu. Nimelipa wiki 103. Nilipougua na kukosa wiki tatu, walilizima gari kwa mitambo, kisha watu waliojiita madalali wakalivuta usiku kutoka maegesho ya ploti yetu. Karatasi yangu imeandikwa "Mkataba wa Kukodisha". Wana haki? – Dereva, Kasarani

Jibu: Jina lililo juu ya karatasi lisikuchanganye, maana mahakama hutazama kilichomo ndani. Ziko njia tatu ambazo watu huzitaja kwa jina moja. Kuna kukodi hasa, ambapo unalipia matumizi na gari hubaki la kampuni hata ukilipa miaka kumi. Kuna mkopo, ambapo gari ni lako tangu mwanzo nalo limewekwa dhamana. Na kuna kununua kwa kukodi, yaani unakodi mpaka umalize awamu ndipo gari linakuwa lako. Mkataba wako, kwa maelezo uliyoyatoa, ni wa aina hii ya tatu, na unaangukia chini ya Sheria ya Kununua kwa Kukodi, Sura ya 507, ambayo inahusu mikataba isiyozidi shilingi 4,000,000 ambapo mteja si kampuni.

Sasa tufanye hesabu. Bei yote ni 100,000 ukijumlisha 8,000 mara 156, yaani 1,348,000. Theluthi mbili yake ni takriban 898,667. Wewe umelipa 100,000 na 824,000, jumla 924,000. Umevuka theluthi mbili kwa zaidi ya shilingi 25,000, na hapo ndipo kisa chako kinapogeuka: mteja akishalipa theluthi mbili, mwenye gari haruhusiwi kulichukua isipokuwa kwa kufungua kesi mahakamani. Kuja na winchi usiku si kesi. Mwenye gari anayekiuka kifungu hicho anajiweka katika hatari ya kudaiwa mahakamani pesa zote alizokwisha kupokea.

Kuna la pili la kuchunguza. Mikataba ya namna hii inatakiwa kuandikishwa kwa Msajili ndani ya siku 30 tangu itiwe sahihi, na mkataba usipoandikishwa mwenye gari hawezi kuutumia kukunyang'anya gari. Kampuni nyingi huziita karatasi zao za kukodisha kwa matumaini kwamba hakuna atakayeuliza swali hilo. Liulize, kwa maandishi.

Leo, kabla ya lolote, chapisha taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo yote 103, andika taarifa polisi kwamba gari limechukuliwa bila amri ya mahakama na upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kisha mtafute wakili akusaidie kuomba amri ya kuzuia gari lisiuzwe. Hapa sikushauri ujisimamie, kwa sababu gari likishauzwa kwa mnada utakuwa unadai pesa tu, na pesa hazibebi abiria.

Laiti ungekuwa umelipa wiki 80, jibu langu lingekuwa fupi na la uchungu zaidi. Anayehisi mambo yanamwelemea akiwa bado mbali na theluthi mbili ajue kwamba sheria inamruhusu kulirudisha gari kwa hiari yake na kuusitisha mkataba, ingawa anaweza kutakiwa kuongeza malipo yafikie nusu ya bei.

Swali: Wakopeshaji wawili wamenipa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, mkopo wa shilingi 600,000 wa kununua gari, miezi 36. Mmoja awamu yake ni 27,482 na mwingine 34,667. Nani amekosea hesabu? – Mwalimu, Donholm

Jibu: Hakuna aliyekosea, Mwalimu. Wa kwanza anahesabu riba kwa deni lililobaki kila mwezi, kwa hiyo riba inapungua kadiri unavyolipa, na mwishoni utakuwa umetoa takriban 989,000. Wa pili anahesabu riba ya zile 600,000 zote hadi mwezi wa mwisho, hata kama umebakisha deni la 20,000, na utatoa 1,248,000. Tofauti ni kama robo milioni kwa asilimia ileile.

Waulize wote wawili swali moja, na majibu wayatie kwenye karatasi yenye mhuri: nikitaka kumaliza deni mwezi wa 12, nitalipa kiasi gani? Kwa wa kwanza inapaswa kuwa karibu 465,000. Wa pili akikujibu kwamba awamu zote 24 zilizobaki ni zake, yaani 832,000, chukua mwavuli wako na umshukuru kwa chai.