Ukipanda Viazi kwa Mkono, Usiwe na Haraka na Mbegu

Mara ya kwanza kupanda viazi mviringo kwa jembe, mbegu nilikuwa nimeziacha kwenye gunia, gizani. Nilipolifungua nikakuta machipukizi marefu, meupe, yamesokotana kama uzi uliochezewa na paka. Nikayachambua, yakakatika. Nikapanda hivyo hivyo. Shamba likaota mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Siku hizi wiki chache kabla ya kupanda nazitandaza mahali penye mwanga hafifu, jua lisipozipiga. Chipukizi linatoka fupi, nene, la kijani au zambarau, na halikatiki ovyo. Likifika sentimita 1 au 2, mbegu iko tayari. Chagua zenye ukubwa wa yai la kuku. Wapo wanaozikata vipande, kila kimoja na macho mawili (vile vishimo vinapotokea machipukizi), wakaviacha siku mbili tatu kidonda kikauke. Mimi sikati. Kisu kikipita kwenye kiazi chenye mnyauko bakteria, kinaugawa ugonjwa kwa vyote vinavyofuata.

Kuhusu shamba, epuka tu palipotoka nyanya, bilinganya au pilipili. Magonjwa yao ni yale yale.

Navuta kamba kati ya vigingi viwili, nachimba mtaro wa kina cha sentimita 10 hivi, na mwingine sentimita 75 pembeni yake. Samadi iliyooza sawasawa inatangulia, udongo kidogo juu yake, ndipo kiazi. Hapa ndipo mkono unapoishinda mashine: unakilaza taratibu, chipukizi likitazama juu. Rula sina haja nayo. Buti langu lina karibu sentimita 30, basi buti moja, kiazi kimoja. (Mgongo utalalamika. Uache ulalamike.)

Kazi ambayo wengi huifanya nusunusu ni kupandishia udongo. Viazi vipya haviotei chini ya kiazi mama, vinaotea juu yake na ubavuni, kwa hiyo tuta likiwa jembamba vinakosa pa kukaa. Mimea ikifika kimo cha shibiri, vuta udongo kutoka katikati ya mistari uukumbatishe shina, na wiki mbili tatu baadaye urudie. Usichimbe karibu na shina, utakata mizizi. Kiazi kilichochungulia nje kinageuka kijani na kuwa na solanini, ambayo ni sumu. Hicho usikipike. Msimu ule wa kwanza nilitupa nusu ndoo.