Uzamivu wa kulika kwa miamba: anzia Malagarasi

Mdogo wangu, umeuliza kama mwenye uzamili wa jiolojia aliyeko Kigoma anaweza kupata nafasi ya uzamivu katika mzunguko wa kaboni, yaani safari ya kaboni kati ya hewa, miamba na maji. Anaweza, na Mto Malagarasi ndio hoja yako yenye nguvu: maji ya mvua yenye kaboni dayoksaidi yanapoilegeza na kuila miamba ya silikati (yenye madini ya silikoni na oksijeni), gesi hiyo hugeuka baikaboneti, yaani kaboni iliyoyeyuka majini, ambayo mto huibeba hadi Ziwa Tanganyika. Chota maji karibu na Uvinza, mbali na chemchemi za chumvi zisije zikakupotosha, yachuje na upime baikaboneti yake siku hiyohiyo; daftari la vipimo vya masika na kiangazi humshawishi msimamizi kuliko barua ndefu ya sifa. Kuhusu ufadhili, fuatilia matangazo ya DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo na utafiti.