Kuogopa damu kusikuzuie kuomba nafasi ya uuguzi

Ndugu yangu wa Malava, umeuliza mambo mawili: kama C ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, inatosha kuingia uuguzi, na kama kijana anayeogopa damu anaweza kusema ana wito. Mimi ni nesi hapa Kisumu, wodi ya wanaume. Naanza na la pili, maana naona ndilo linalokunyima usingizi.

Wito wangu haukunijia hospitalini. Nilikuwa nyumbani Shinyalu nikingoja matokeo ya kidato cha nne, kuka, yaani babu yangu, akapatwa na kiharusi. Upande mmoja ukapooza, maneno yakapotea. Aliporudishwa nyumbani, kazi ya kumwosha na kumgeuza ikaniangukia mimi. Kwetu mtu huona haya kumwosha babake mzazi, lakini mjukuu na kuka wake hawaoneani haya.

Nesi wa zahanati ya karibu alikuwa akipita kumwona. Siku moja akaushika mkono wangu, akauweka kwenye kisigino cha kuka, kisha nyongani, kisha juu ya makalio. Akaniambia nisingoje kuona wekundu, kwa ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Nipapase kwa mgongo wa mkono: pakiwa na joto kuliko kando yake, pagumu, au pamezidi weusi, hapo damu haipiti sawasawa. Mfupa unaibana ngozi kwenye godoro mpaka inakufa, ndiyo sababu ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, hata usiku. Nikamuuliza mbona maji yanampalia na uji mzito unashuka. Akaeleza kwamba misuli ya koo imelegea, kwa hiyo kitu chepesi kinawahi kwenye njia ya hewa kabla haijajifunga. Mketishe wima, mpe kidogo kidogo, usimlaze mara tu akimaliza.

Hapo ndipo nilipojitambua. Huruma wote pale nyumbani walikuwa nayo. Mimi nilikuwa na huruma na hamu ya kujua kwa nini, na harufu haikunifukuza chumbani. Usiku niliamka bila kuamshwa. Nilipomgeuza asubuhi nikakuta ngozi iko salama, nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia alama yoyote darasani. Kwa hiyo ukitaka kujipima, usijipime kwa damu. Nenda ukamsaidie mgonjwa wa kitandani kwa muda, wa kwenu au wa jirani, uone kama kesho yake unataka kurudi.

Damu mwili huizoea. Nimeona wanafunzi wakizirai chumba cha upasuaji. Wanalazwa, miguu inainuliwa, na baadaye wanakuwa wauguzi hodari. Ila nisikufiche: stashahada ya uuguzi ina ukunga ndani yake, pamoja na afya ya jamii na afya ya akili. Utazalisha, uwe mwanamume au mwanamke, na leba damu ipo. Hao wenzako wanaosema ni kazi ya kike waache. Kuna wazee wodini kwangu wanaokataa kuoshwa mpaka waone mwanamume ameingia zamu.

Sasa alama. Kwa stashahada, C ya wastani ndiyo mlango tu. Wanaangalia masomo: C ya Biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na angalau C- katika Hisabati, Fizikia au Kemia. Mtu mwenye C+ ya wastani na D ya Biolojia ataachwa nje, wewe mwenye C na masomo hayo uingie. Shahada, kama ile ya vyuo vikuu vya Masinde Muliro au Maseno, inataka C+ ya wastani na C+ katika masomo yenyewe. Maombi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, siku hizi hupitia tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Ukiambiwa na mtu yeyote kwamba ana nafasi yako na anataka pesa kwa simu, kata simu hiyo.

Ukifikiria chuo cha kibinafsi, kwanza hakikisha kimo kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Hili nalisisitiza kuliko yote. Chuo kisichoidhinishwa hakiwezi kukufikisha kwenye mtihani wa leseni, na bila leseni huwezi kushika mgonjwa kihalali, hata ungekuwa na cheti cha kutundika ukutani. Karo ikiwa ngumu, wanafunzi wa KMTC huomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi.

Kazi yenyewe haipatikani upesi. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na kaunti huajiri zinapokuwa na bajeti. Wenzangu kadhaa walikaa sana wakifanya vibarua kwenye kliniki za kibinafsi. Mwambie mzazi wako jambo hili mapema, kabla hajauza ng'ombe.

Tuandikie hapa alama zako za Biolojia, lugha, Hisabati na Kemia, na Fizikia kama uliifanya. Wastani peke yake hautuwezeshi kukushauri vizuri.