Husuda Haikufunika Ndoo

*Maswali ya wasomaji kuhusu biashara. Anayejibu ni muuza leso na mshonaji wa madera, Mji wa Kale, Mombasa.*

Shikamoo Bi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Likoni. Napika mahamri na mbaazi, nauzia vibanda vitatu na majirani. Mwezi wa pili nilipata tenda ya mahamri 600 ya staftahi ya harusi, Majengo, shilingi kumi kumi. Vitu nilichukua mali kauli kwa mwenye duka wa mtaani: beli moja ya unga 2,160, sukari 480, mafuta 900, hamira na iliki 200. Pesa za nazi 24, shilingi 960, nilikopa kwa jirani. Mkaa wa 400 nilikuwa nao. Tulikesha na mdogo wangu. Saa kumi na moja alfajiri nikayatia mahamri kwenye ndoo za plastiki, nikafunika yasipoe, tukapanda tuktuk ya 500. Njiani ikapata pancha. Tulifika saa mbili, kufungua ndoo, yamelowa, yananing'inia kama matambara. Mama mwenye harusi akaniuliza mbele ya watu kama hayo ni mahamri au sponji. Akanipa 1,500, akasema nishukuru. Nikalipa tuktuk na jirani, nikabaki na shilingi 40.

Tangu siku ile sijapita mbele ya duka. Nazunguka nyuma ya msikiti, hata nikienda kliniki. Laini ya simu nimebadilisha. Watoto nimewakataza kununua hata peremende pale. Juzi nilimwona mwenye duka kwenye feri, nikajificha nyuma ya lori mpaka tukavuka. Jirani asema ni husuda, na yuko mtu atanisomea kombe la kuiondoa kwa 3,000. Dadangu asema sina moyo wa biashara, nitafute kazi ya kuajiriwa. Bi, huo moyo wa biashara hupatikana vipi? — Aliyekwama, Likoni

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa kurasa tatu za daftari na nimeikata ipate kuingia hapa, utanisamehe. Ila nataka ujue nilichokata. Mahamri yenyewe yalichukua nusu ukurasa. Kurasa mbili na nusu zilizobaki zilikuwa njia unazopita, saa unazotoka na watu unaowakwepa. Hapo ndipo nilipojua ugonjwa uko wapi, lakini nitaufikia.

Tuanze na kombe, kwa sababu huko ndiko pesa inakotaka kutokea. Husuda ipo, imetajwa ndani ya Qurani, na mimi sina ubishi nayo. Soma sura ya Falaq asubuhi na jioni, ni bure. Lakini husuda haikufunika ndoo. Hamri likitoka kwenye karai linatoa mvuke. Ukilifungia ndani ya plastiki, ule mvuke hauna pa kwenda, unagota kwenye kifuniko, unageuka maji na kulirudia lenyewe. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiyatandaza kwenye ungo mpaka yawe vuguvugu, halafu anayapanga ndani ya kapu lililotandikwa kitambaa cha pamba, na juu anafunika kitambaa kingine. Basi. Yalikuwa yakipanda basi hadi Malindi na yanafika yakiwa mahamri. Watu wanaogopa yasipoe, kumbe hamri lililopoa hupashwa, lililolowa halina dawa. Na ile elfu tatu ya kombe, ukiongeza 740 juu yake, umemaliza deni lote la dukani.

Sasa nipe kalamu. Hesabu umeniandikia mwenyewe, mimi nimejumlisha tu: unga, sukari, mafuta, hamira na iliki, nazi, mkaa, tuktuk. Inakuja 5,600. Tenda nzima ilikuwa 6,000. Maana yake hata kama yangefika makavu, na mama mwenye harusi akakubusu kwenye paji la uso, ungerudi Likoni na 400, mgawane na mdogo wako aliyekesha. Mia mbili mbili. Dadako asema huna moyo! Mtu asiye na moyo hakeshi usiku kucha kwa mia mbili. Ulichokosa ni bei. Mwenye kibanda anayechukua kila siku mwuzie kumi. Harusi ni kumi na tano, na nusu ya pesa ni arubuni, inatangulia kabla hujanunua hata punje ya iliki. Kwa 600 arubuni ni 4,500. Vitu vyote vya dukani ungevilipia taslimu, na leo usingekuwa unacheza kibe, ule mchezo wa kujificha, na mwenye duka. Mwenye shughuli akikataa arubuni, mwambie kwa adabu kwamba huna nafasi wiki hiyo.

Haya, tuje kwenye kibe.

Mwaka 2020, mwezi wa tatu, nilichukua vitambaa vya madera kwa tajiri mmoja wa Biashara Street, vya 140,000, mali kauli, nishone niuze Ramadhani na Idi. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka mingi. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu ya korona. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na wateja wangu wakubwa ni wa Malindi na Lamu. Ramadhani ikaingia. Tarehe 6 Mei ukafungwa Mji wa Kale wenyewe, na mimi, duka langu na cherehani yangu tuko ndani. Harusi hakuna. Idi ikapita mlango umefungwa, madera yamening'inia ukutani kama watu waliokuja kunidai.

Unadhani nilifanya nini, mimi ninayekuandikia hapa kwa ujasiri? Nilijificha. Simu ya tajiri ikilia nampa mwanangu aseme mama amelala. Siku kumi na moja nimelala! Mtoto mwenyewe akaanza kucheka. Na sikuweza kushona. Hilo ndilo ninalotaka ulisikie, mwanangu. Mikono ilikuwa mizima, cherehani nzima, kitambaa kipo, lakini kila nikikaa nasikia simu hata isipolia. Hasara ilikuwa imenikuta mara moja. Kujificha kulinikuta upya kila asubuhi.

Siku ya kumi na mbili nikampigia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilidhani umefariki." Nikamwambia sijafariki, nimefilisika. Akanijibu neno ambalo sijalisahau: "Siku zote hizi nilikuhesabu mwizi. Sasa nakuhesabu mdaiwa. Mdaiwa naweza kuzungumza naye." Tulipofunguliwa nilimrudishia vitambaa ambavyo sikuvikata, vya 85,000. Zikabaki 55,000. Vipande vilivyobaki nikavishonea barakoa. Nikawa nampelekea pesa kila Alhamisi, kiasi nilichopata, wiki moja nilimpelekea hamsini na tukacheka wote wawili. Deni lilikwisha Desemba 2021. Mwaka uliofuata alinipa mzigo tena, mkubwa kuliko ule, bila kuandikishana. Wenzangu wawili waliozima simu wakati ule hawajapewa mpaka leo, na mmoja alikuwa anadaiwa 20,000 tu.

Kwa hivyo hilo swali la moyo hupatikana vipi, mimi sina jibu zuri. Leso zenye jina *Mvumilivu hula mbivu* nimeziuza miaka hii yote, na wengi wanaozinunua hurudi kunikopa. Ninachojua ni kwamba wewe huwezi kukanda unga vizuri huku unasikiliza nyayo za mdai. Toa hilo kwanza, moyo tutaujua baadaye.

Nenda baada ya adhuhuri, duka likiwa halina watu. Usiende na mtoto mgongoni kwa kutaka huruma, na usipeleke mtu wa kukusemea. Uwe na 200 mkononi. Msalimie, kisha sema: "Nadaiwa hapa 3,740. Nilikukimbia, na nimekosa. Leo nina hizi, na kila Ijumaa nitaleta 200." Ukishasema, nyamaza. Atakuambia maneno. Mwache ayaseme, ni haki yake, amekaa nayo tangu mwezi wa pili. Wiki kumi na tisa utakuwa umemaliza. Usiombe mzigo mpya siku hiyo hata akikupa mwenyewe, mwambie bado.

Na usikope kwenye simu kumlipa. Najua utafikiria hivyo. Hata Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ambao riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, na hiyo ni rahisi kuliko programu nyingi za mikopo zilizomo kwenye simu zetu, ule mkopo wa mtu binafsi unatakiwa urudi kwa siku 14. Kwa mtu anayenunua leo na kuuza leo, sawa. Deni la wiki kumi na tisa utalilipaje kwa pesa ya siku kumi na nne?

Watoto waruhusu wanunue peremende.

Bi, nauza kava na chaja za simu karibu na Mwembe Tayari. Nimehudhuria semina tatu za kubadilisha fikra, kila moja 2,000. Tunafundishwa kuamka saa kumi usiku, kujiangalia kwenye kioo na kusema mimi ni mshindi. Nimefanya miezi miwili na mauzo ni yaleyale. Je, niongeze bidii? — Kijana wa Kisauni

Saa kumi usiku unaamka ufanye nini, kava zinauzwa saa hiyo? Wapika mahamri wa mji huu huamka saa tisa tangu hawajazaliwa hao walimu wa semina, na hawajui habari ya kioo. Sikukatazi kujisemea maneno mazuri. Mtu anayejitukana asubuhi huuza vibaya, hilo nimeliona. Lakini 6,000 umeshatoa, na katika barua yako yote hukuniambia hata mara moja ni kava za simu gani zinazotoka na zipi zimekaa tangu mwaka jana. Nina hakika unazo kava za simu ambazo hazitengenezwi tena. Wiki hii ziondoe ubaoni, ziuze kwa bei uliyonunulia au chini yake, na hiyo pesa nunua zile ambazo watu wanakuja kuziulizia unawaambia zimekwisha. Kila anayekuulizia kitu ambacho huna, kiandike. Daftari ni shilingi thelathini. Kioo utaendelea kukitumia kunyolea.

Bi mpendwa, nina mashua, napeleka wageni kuogelea na kuona samaki. Desemba hadi Machi nilifanya vizuri sana, hata nikanunua runinga ya inchi 50. Tangu mvua zianze mashua iko mchangani na nimekata tamaa. Marafiki wasema biashara imekufa, niuze mashua. — Nahodha, Shanzu

Imekufa au upepo wa kusi umeingia? Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi pale Bandari ya Kale. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakirudi na kusi, na kusi likichacha hakuna nahodha aliyetweka tanga akaonekana shujaa. Lakini hawakuwa wamekaa wakilia. Walingoja maji makubwa ya bamvua, chombo kikapandishwa pwani, maji yakitoka kikaachwa kimelala ubavu. Babu akapita kila mwanya wa mbao akishindilia pamba yenye mafuta, kwa patasi na nyundo, pole pole, tok tok tok. Nikiwa mtoto nikilala mchana kwa sauti hiyo. Chini wakapaka chokaa iliyochanganywa na shahamu, juu wakapaka sifa, yale mafuta ya papa, na harufu ya sifa sikwambii. Hiyo kazi ilikuwa na pesa yake, imewekwa tangu kaskazi. Hakuna aliyeitoa mfukoni mwezi wa sita kwa bahati.

Wewe yako umeitia kwenye inchi hamsini. Hasira sina, nami ninayo runinga. Lakini mashua usiuze msimu huu, kwa sababu anayenunua mashua mwezi wa tano anajua kwamba muuzaji ana njaa. Ikalafati sasa, uzibe mianya yake. Ukimaliza, zungumza na wavuvi wenzako wa Shanzu muone kama mashua inaweza kufanya kazi nyingine siku bahari ikitulia. Na umeniambia mko watu kumi na wawili kwenye mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kila mmoja 3,000 kwa mwezi. Hizo ni 36,000 kwa mkupuo mmoja. Mwambie anayeshika daftari akupangie zamu yako Mei. Wote hutaka Desemba, kwa hivyo hutagombana na mtu.