Kijana wa Mafinga, usinunue busta

Juzi kijana mmoja wa Mafinga ameniandikia: "Kaka, habari ya Mbeya. Nimetengeneza antena ya GPS mwenyewe na nimeifunga juu ya bati. Inakamata setilaiti kumi na mbili, lakini nukta ya mahali nilipo kwenye skrini inatembea usiku kucha wakati antena imetulia. Ninunue busta?"

Usinunue, mdogo wangu. Mimi nilinunua. Busta inakuza kila kinachoingia, wimbi halisi pamoja na mwangwi wake, ukabaki pale pale ukiwa umepungukiwa hela.

Tatizo lako ni hilo bati. Risiva inapima umbali hadi kwenye setilaiti kwa muda ambao wimbi limetumia kufika. Wimbi moja linakuja moja kwa moja kutoka angani, pacha wake anapiga bati kwanza ndipo anaingia kwa chini, amechelewa. Risiva inawasikia wote wawili na hesabu inaharibika kwa mita kadhaa.

Nilijifunza haya kwa uchungu. Nilipima mpaka wa shamba la familia pale Uyole mara mbili, nikapata majibu mawili yaliyopishana karibu mita nne. Nilipopeleka karatasi zangu kwenye ofisi moja, aliyezipokea alizisukuma pembeni mbele za watu, akasema hizo ni hesabu za fundi redio. Maneno yale bado yananichoma. Lakini siku ile namba zangu zilikuwa mbovu kweli, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nikaiacha antena juu ya nyumba siku tatu inarekodi, nikachora kila kitu kwenye daftari la hesabu. Kulikuwa na mruko mkubwa, yaani nukta iliruka mbali ghafla, saa tisa na dakika 12 usiku. Usiku wa pili ukaja saa tisa na dakika 8. Wa tatu, dakika 4. Nilisimama pale mezani nikapiga makofi peke yangu! Setilaiti za GPS hurudi mahali pale pale angani kila siku, zikiwa zimewahi kwa kama dakika nne. Kosa linalofuata ratiba ya setilaiti haliletwi na ukungu wala waya mbovu. Linatoka kwenye kitu kilichosimama: mabati mapya ya jirani, upande wa bondeni.

Hapo nikaenda sokoni Mwanjelwa kununua sufuria za kuizunguka antena, moja ndani ya nyingine. Ndiyo, sufuria za alumini, zile zisizo na mikono, zinazoingiana. Niliruka saizi moja moja ili kati ya ukuta na ukuta ibaki nafasi ya sentimita mbili hivi. Wimbi la GPS la masafa ya 1575.42 MHz lina urefu wa sentimita 19, robo yake ni kama 4.8. Nikakata kuta zote kwa msumeno zibaki na kina cha sentimita 5, kuzidi robo kidogo, nikazibana chini kwa riveti. Katikati nikageuza kikopo kidogo, antena ikakaa juu yake, usawa mmoja na midomo ya sufuria. Wimbi linalotambaa kutoka pembeni linashuka kwenye mfereji ulio kati ya kuta na kurudi likiwa limepishana na lenzake, yanauana. Kufunga mlingoti sitaeleza, kila fundi anajua, ila upite juu ya kilele cha paa.

Mruko wa saa tisa ulishuka hadi chini ya mita moja. Haukuisha. Sufuria zinazuia kinachotoka chini na pembeni, lakini ukuta wa ghorofa uliokuzidi urefu hauzuiliki namna hiyo. Hapo dawa ni kuhama.

Ndugu zangu mnaotengeneza vitu kwa mikono yenu huku nyanda za juu, pimeni kabla ya kununua. Pimeni tena baada ya kununua. Tunadharauliwa kwa sababu tunaleta kifaa bila daftari. Na kwenye risiva zimeni setilaiti zilizo chini ya nyuzi 15 kutoka upeo wa macho, mwangwi mwingi unatoka huko.

Wewe wa Mafinga, usiku wa leo ishushe kwenye bati, iweke uwanjani mbali na nyumba, juu ya sinia pana la chuma. Rekodi siku tatu, andika dakika za kila mruko, kisha nitumie.